Rilei ya Lori kwenye Pikipiki ya Daktari

Kwa siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: rilei niliyofunga kwenye pikipiki ya Daktari Nzunda ilikuwa ya volti kumi na mbili au ya ishirini na nne? Ya kumi na mbili ni ya pikipiki na magari madogo. Ya ishirini na nne ni ya malori. Kwa umbo zinafanana kabisa: kidude cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, na namba imeandikwa ubavuni. Sikukumbuka kuisoma namba hiyo. Nilikumbuka kuifunika kwa tepu.

Nitafika huko. Haya nawaandikia Lusekelo na Atu, mnaobaki na meza yangu pale karakana ya Chapwa, Tunduma. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka ishirini na tisa. Neno kustaafu si langu, ni la Mzee Silwimba mwenye karakana. Alisema mtu akikaa kwake miaka mitano bila kuunguza pikipiki ya mteja amemaliza utumishi wake, akaniandalia soda mbili na hotuba fupi. Sasa nafundisha umeme wa magari kwenye chuo cha ufundi Mbozi, si mbali na kijiji chetu cha Ruanda. Wanafunzi wananiuliza maswali ambayo mengi ningependa kuyajibu kesho yake.

Siku ya kwanza nilifika karakana na shahada ya uhandisi wa umeme ndani ya faili la plastiki. Mzee Silwimba hakulifungua. Aliniuliza nimesoma miaka mingapi. Nikamwambia kumi na saba, bila chekechea. Akanionyesha pikipiki ambayo taa yake ya nyuma haiwaki, akasema niiwashe. Nikaomba mchoro wa nyaya zake. Aliniangalia kama mtu aliyeombwa ramani ya kwenda jikoni kwake. Kisha akafungua bolti moja kwenye fremu, akakwangua rangi kwa kisu, akakaza bolti, na taa ikawaka.

"Umeme ukienda lazima urudi," alisema. "Wasomi wote mnakumbuka kwenda."

Wiki mbili za mwanzo sikufanya kitu kingine zaidi ya kukwangua sehemu ambazo umeme unapitia kurudi. Nawashauri mfanye hivyo pia. Nusu ya pikipiki zinazoletwa zikiwa "zimekufa mfumo" zina bolti moja yenye kutu.

Mzee alikuwa fundi umeme wa malori kwa miaka mingi kabla ya kugusa pikipiki, na hilo mlijue kwa sababu linaeleza mengi. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka ndiyo yanayoulisha mji wetu, na maduka ya vipuri yanauza vya malori kwanza. Usiposema unataka cha gari dogo, unapewa cha lori, na muuzaji hajakukosea. Madereva wa upande wa pili, Zambia, walikuwa wakipita wanamsalimia mzee, "Mulishani, bashikulu," yaani hujambo babu, naye anawajibu bila kuinua kichwa. Hata taa yake ya kupimia umeme aliitengeneza kwa balbu ya lori, ya volti ishirini na nne. Mara ya kwanza kuitumia niliigusisha kwenye betri ya pikipiki, ikawaka kwa unyonge, nami nikamtangazia mteja kwamba betri yake inakaribia kufa. Akanunua mpya. Ile mpya nayo ikawasha taa kwa unyonge uleule. Mteja yule hadi leo ana betri mbili, na zote ni nzima.

Pikipiki kubwa za safari zilinijia mimi kwa sababu wenzangu waliamini Kiingereza na shahada vinakuja pamoja. Wasafiri hawa wanatoka kusini wakielekea kaskazini, au kinyume chake, na wote lazima wapite Tunduma. Pikipiki zao zimebeba vitu vingi vinavyokula umeme: simu ya kuonyesha njia, kamera kwenye kofia, taa za ziada, vishikio vya usukani vinavyopasha mikono joto. Mmoja alikuwa na birika la kuchemshia kahawa. Nilimweleza kwa heshima kwamba anaweza kuwa na kahawa au kuwa na safari.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye kipande cha boksi. Upande mmoja niliandika umeme ambao injini inazalisha, upande wa pili umeme ambao pikipiki yenyewe inautumia kwa plagi, pampu ya mafuta na taa kubwa. Kinachobaki ndicho cha kugawia vifaa vya msafiri, na siku zote ni kidogo kuliko anavyodhani. Tena injini ikiwa inanguruma taratibu bila kwenda, inazalisha kidogo zaidi. Nimefufua betri nyingi pale kwenye foleni ya mpaka, za watu waliosubiri muhuri huku wakijipasha mikono.

Jambo la pili ni kutofunga kitu dairekti kwenye betri. Vijana wa bodaboda wanapenda dairekti kwa sababu chaja ya simu inafanya kazi hata pikipiki ikiwa imezimwa. Ni kweli, inafanya kazi mpaka betri iishe. Kwa pikipiki ya safari, waya mnene unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye rilei, kisha unakwenda kwenye kifaa. Rilei ni swichi isiyohitaji kidole. Ukiwasha ufunguo, umeme mdogo kutoka waya wa taa ya nyuma unaivuta, inalia tik, na umeme mkubwa unapita. Ukizima ufunguo inaachia, na betri inapumzika. Mkishafunga, sikilizeni ile tik. Nitarudi kwenye tik.

Udhaifu wangu mnaujua. Kazi ikishatoka mkononi ndipo akili yangu inapoanza kuifanya upya. Nilikuwa nikikaza skrubu, nikiikagua, nikienda kunywa chai, nikirudi kuikagua kama chai imeilegeza. Katika mwaka wangu wa pili niliwatumia ujumbe mume na mke waliokuwa wamevuka kwenda Zambia kwamba huenda fyuzi yao haikukaa vizuri. Wakageuza. Wakapanga foleni upya, pande zote mbili. Fyuzi ilikuwa imekaa vizuri mno, nikashindwa kuitoa kwa mkono. Walinishukuru kwa sauti ya watu wenye malezi mema. Jioni hiyo Mzee Silwimba akaweka sheria: mteja akishavuka, amevuka. Hapigiwi simu, haandikiwi, hakimbiliwi.

Daktari Nzunda alikuja mwaka wangu wa tatu. Ni daktari wa mifugo, ana duka la dawa Mlowo, mtu mrefu anayeongea taratibu. Alikuwa amenunua pikipiki kubwa kutoka kwa msafiri mmoja aliyefika Tunduma akaamua kwamba Afrika iliyobaki ataisoma kwenye vitabu. Nyuma ya kiti alifunga sanduku la kupooza la umeme, akataka lifanye kazi njiani.

Alinieleza sababu akiwa amekaa kwenye tairi la lori pale mlangoni. Alikuwa anapeleka chanjo ya mapele ngozi kwa wafugaji wa Kamsamba, kule bondeni. Chanjo hiyo ni kitu hai, ikipata joto inakufa, na ikishakufa haina tofauti na maji. Mwaka uliotangulia alibeba barafu, ikayeyuka kabla hajafika. Alichanja hivyo hivyo kwa matumaini. Mapele yakaja, ng'ombe wakafa, na wafugaji wakamwita daktari wa maji.

"Nikiwapelekea maji na mwaka huu," alisema, "mwakani hakuna atakayenifungulia zizi. Na mapele hayatasubiri wapate daktari mwingine."

Nilipiga hesabu zangu kwenye boksi, umeme ukatosha kama hatatumia taa za ziada. Sanduku halikuonyesha nyuzi joto. Lilikuwa na taa moja tu ya kijani ya kusema kwamba linapokea umeme, nayo ilitazama nyuma, upande ambao mwendeshaji haoni. Nilifunga fyuzi, nikafunga rilei, nikaizungushia tepu nyeusi kwa sababu ya vumbi la Kamsamba. Tepu ilikuwa wazo langu mwenyewe na nililionea fahari. Asubuhi ile ya mwezi wa saba baridi ya Tunduma ilikuwa ya kuvaa makoti mawili. Nikawasha pikipiki, nikavuta mafuta injini ikanguruma, rilei ikalia tik, taa ya kijani ikawaka. Daktari akaondoka.

Nilimpigia mara mbili wiki hiyo, kwa kuwa Mlowo si ng'ambo na sheria haikuitaja. Mara ya kwanza ilikuwa kuhusu waya uliopita karibu na bomba la moshi. Mara ya pili ilikuwa kuhusu waya huohuo. Ulikuwa salama mara zote mbili. Alishuka Kamsamba, akachanja maboma mawili, akarudi, akaniambia sanduku ni zuri.

Wiki iliyofuata nilikuwa napanga vipuri. Tulikuwa na makopo mawili ya rilei, la kumi na mbili na la ishirini na nne, nami ndiye niliyeyaandika kwa rangi. Kwenye kopo la kumi na mbili nilikuta moja zaidi ya nilivyotarajia. Kwenye lile jingine ilipungua moja. Hilo halikuthibitisha kitu, maana Mzee Silwimba huchukua rilei bila kumwambia mtu na kurudisha popote mkono unapofika. Nilimuuliza. Alisema labda alichukua. Nikamuuliza lini. Alisema labda hakuchukua.

Hapo ndipo zilipoanza siku zangu tatu. Nilijiambia kwamba ilikuwa imelia tik. Rilei ya lori isingelia kwa umeme wa pikipiki. Kisha nikajiuliza nani amesema isingelia.

Siku ya tatu nikaacha kujiuliza, nikachukua rilei ya ishirini na nne, nikaiunga kwenye pikipiki yetu, nikavuta mafuta. Ikalia tik. Kwa baridi ile, na injini ikizunguka kwa nguvu, umeme wa pikipiki ulitosha kuivuta, ingawa kwa taabu. Nikaenda nayo kwa Mama Sekela, mama lishe wa jirani, nikaomba kuiweka kwenye ukingo wa jiko lake.

"Unapika nini, mwanangu?" aliuliza.

Nikamwambia rilei.

"Nayo inaliwa na ugali?"

Ilipopata joto kiasi cha kushikika kwa shida, nikairudisha kwenye pikipiki. Kimya. Nikavuta mafuta mpaka majirani wakatoka nje. Kimya. Waya uliomo ndani ya rilei ukipata joto unaupinga umeme zaidi, na ule umeme uliotosha kwa taabu hautoshi tena. Nikaipasha moto ya kumi na mbili vilevile. Ikalia tik kama kawaida.

Sasa nikaiona safari nzima ya daktari, iwapo kweli nilikuwa nimekosea rilei. Asubuhi Mlowo ni baridi, anawasha, taa ya kijani anaiona kwa macho yake. Rilei ikishashika inashikilia. Anateremka kuelekea Kamsamba, joto linapanda, anasimama mahali, anazima. Akiwasha tena, rilei haishiki. Sanduku limekufa mgongoni kwake naye anatazama barabara. Jioni anafika kwa mwenyeji wake, anachomeka sanduku kwenye sola, taa ya kijani inawaka, usiku kucha linapoa. Asubuhi anatoa chupa za baridi zenye dawa iliyokufa. Hakuna mtu duniani angejua, mpaka ng'ombe waanze kutoa mapele.

Nikampigia. Ilikuwa alasiri, na alikuwa ameshafika Kamsamba. Nilimuuliza kama taa inawaka. Alisema asubuhi aliiona. Nikauliza kama aliiangalia tena baada ya kusimama njiani.

"Injinia," alisema, kwa upole uleule, "hii ni simu ya tatu. Kesho asubuhi nachanja. Pumzika." Kisha mtandao ukakatika, au aliukata yeye.

Nilimfuata Mzee Silwimba nikamweleza yote, pamoja na jiko la Mama Sekela. Alisikiliza huku akimenya waya. Alipomaliza kumenya akasema nilishakosea kuhusu fyuzi, nikakosea kuhusu waya wa bomba la moshi, na mteja akishavuka amevuka.

"Kamsamba haiko Zambia, mzee," nilisema.

Akafikiri. Kisha akaenda kwenye makopo, akasoma namba mara mbili kwa kuziweka mbali na macho, akarudi na rilei za kumi na mbili.

"Chukua mbili," alisema. "Moja ya kufunga, nyingine ya wasiwasi wako."

Nililala kwa shangazi yangu Mlowo, na alfajiri nikapata lori lililokuwa linakwenda Kamsamba kufuata mpunga. Njia nzima nilikuwa na matumaini mawili yasiyopatana: kwamba nimekosea rilei, ili safari isiwe ya aibu, na kwamba sijakosea, ili ng'ombe wawe salama. Tulipoanza kuteremka nilivua koti la kwanza, halafu la pili. Dereva aliniuliza mgonjwa wangu amelazwa wapi. Nikamwambia si mgonjwa, ni swichi. Hakuniuliza tena.

Niliwakuta kwenye boma la Mzee Masunga, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Ng'ombe walikuwa wamebanwa zizini, vijana wameshika kamba, na daktari alikuwa anavuta dawa kwenye sindano ya kwanza. Aliponiona hakukasirika. Aliweka sindano chini kama mtu anayejiandaa kuwa na subira.

Nilimwomba awashe pikipiki. Ilikuwa imesimama juani tangu asubuhi. Akawasha. Hakukuwa na tik. Nikazunguka nyuma ya sanduku, taa ilikuwa imezima. Akavuta mafuta, taa ikabaki imezima. Nikakata tepu yangu, nikaitoa rilei na kumpa. Ishirini na nne. Maandishi yalikuwa makubwa na safi kabisa.

"Lakini chupa ni baridi," alisema. "Shika."

Nikashika. Zilikuwa baridi. Nikamuuliza jana alisimama njiani mara ngapi.

"Mara moja tu. Kwenye mteremko, kununua maji." Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Na zimelala kwenye sola."

Yeye ndiye daktari, sikuhitaji kumweleza kwamba kilichokufa hakifufuki kwa kupoozwa. Tulisimama pale nyuma ya pikipiki, wafugaji wakitutazama.

"Nani mwingine anajua?" daktari aliuliza.

"Mimi na wewe. Mzee Silwimba anajua nusu."

"Wiki iliyopita nilisimama palepale," alisema. "Maboma mawili." Akaifuta rilei kwa kidole gumba, kana kwamba namba ingetoka. Alisema labda si dawa yote imekufa. Alisema akiimwaga leo, mwaka wa pili mfululizo, hawa watu hawatamsikiliza tena, hata siku atakayowaletea dawa iliyo hai. Hayo yote yalikuwa na maana. Nami ni mtu wa kuona maana katika kila upande. Nilianza kuyapima: kama akichanja, kama asipochanja, kama akiwaambia kidogo, kama akiwaambia baadaye. Ningeweza kusimama pale mpaka jioni. Nilijiona nikianza kufanya hivyo, kama nilivyofanya siku tatu, na ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshashikwa pembe.

Nikaenda kwa Mzee Masunga, nikamwamkia. Akaitikia marahaba.

"Mimi ndiye fundi wa lile sanduku," nilisema. "Nimefunga kifaa cha lori kwenye pikipiki. Dawa imepata joto jana njiani, imekufa. Ukiishika ni baridi, lakini imekufa. Na ile ya wiki iliyopita pia. Daktari hakujua. Amejua sasa hivi."

Mzee Masunga alimtazama daktari, akanitazama mimi, akalitazama sanduku.

"Mwaka jana mliiua kwa barafu," alisema. "Mwaka huu kwa umeme. Mwakani mtatumia nini?"

Daktari akaja akasimama kando yangu. Akamwaga ile sindano mchangani mbele yao, kisha akafungua chupa moja moja, akamwaga na hizo. Akasema atarudi ndani ya juma na dawa mpya, na taa ya sanduku ataikagua kila atakapowasha pikipiki. Mzee Masunga aliwaambia vijana wawaachie ng'ombe. Kuhusu kuturuhusu tena, alisema atafikiri. Nilimwelewa.

Nikafunga rilei mpya juani, injini ikiwa ya moto. Nilisoma namba kwa sauti, nikampa daktari akasoma, kijana mmoja wa boma naye akaomba kusoma. Hatukuweka tepu. Pikipiki ikawashwa, ikalia tik, na sanduku nikaligeuza ili taa ya kijani itazame mbele.

Yalibaki yale maboma mawili ya wiki iliyopita, ambayo nayo yalipaswa kuambiwa. Daktari alisema mimi nimeshamaliza kazi yangu, lori la mpunga linarudi alasiri, na huko anaweza kwenda peke yake. Nikapanda nyuma yake, nikakaa kati ya mgongo wake na sanduku. Akauliza tuanze na lipi. Nikamwambia tuanze na la mbali, kwa sababu la karibu ningelifikia ningali nafikiri. Tukaenda la mbali.